Mama Mkwe Anasifiwa kwa Chai, Jirani Ana Uvimbe

Mpendwa Bi Nusaiba,

Kwanza kabisa naomba uniwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia, maana safu yako naisomaga kila nikinunua maandazi pale kwa jirani, yeye huyafunga kwa gazeti lenu, na tangu mvua za vuli zianze nimekuwa nikisema leo naandika, leo naandika, ila nikikaa tu mdogo anaamka kunyonya, nikimlaza huyo mkubwa anataka uji, na nikimaliza uji mie mwenyewe nimeshasinzia na mwiko mkononi. Naitwa Marietha, naishi Bunju na mume wangu Wilfred na watoto wetu wawili, shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nikikosea mahali nisamehe.

Nataka kukueleza habari za mama mkwe wangu, na usidhani ni zile za wakwe ulizozizoea za kunyimana chumvi. Wenzangu wanalia kwa sababu ya wakwe zao, mie nalia kwa sababu wangu nampenda na sijui nimfanyeje.

Anaitwa Yuliana, ni Mngoni wa Songea, mjane, fundi cherehani pale Tabata, kibanda chake kina kioo kirefu na pazia la kitenge, na hakuna sare ya harusi mtaani kwao ambayo haijapita mikononi mwake. Mwaka juzi aligundulika na saratani ya ziwa la kushoto. Hakumwambia mtu isipokuwa mwanawe, na Wilfred akaniambia mie huku ameangalia ukutani, maana kwetu mtoto wa kiume atalitamkaje ziwa la mama yake. Mama akawaaga majirani wa Tabata kwamba anakwenda Songea kumuuguza dada yake, akafunga kibanda, akaja kwetu Bunju na begi moja. Kumbe Songea yenyewe ni chumba changu cha nyuma. Huko ndiko alikotokea kwenda kufanyiwa upasuaji, huko ndiko alikorudi kila akitoka kutundikiwa zile dripu za kemo, nywele zikaisha, kucha zikawa nyeusi, chakula akawa anakisikia kwa harufu tu.

Kwa mila zetu mkamwana hashiki mwili wa mama mkwe wake, hata kumwona amejifunga khanga kifuani unageuka pembeni. Sasa siku ya kwanza ya kubadilisha bendeji tulikuwa wawili tu, nesi alishatuelekeza, yeye akakaa kitandani akafumba macho kwa aibu, na mie nimeshika pamba nimefumba macho kwa adabu. Tukakaa hivyo. Halafu nikasikia, "We Marietha, na wewe umefumba?" Nikasema ndiyo mama. Akasema, "Basi kidonda kitajiosha chenyewe, sie tuendelee kusali." Bi Nusaiba, tulicheka mpaka akashika ubavu kwa maumivu, na tangu hapo nikawa namwosha kama ninavyowaosha wanangu.

Chai ya kijani aliianza kipindi hicho. Alisikia kwa mgonjwa mwenzie kwenye benchi la hospitali kwamba ina vitu ndani yake vinavyopigana na saratani, Wilfred akasoma kwenye simu akaona ni kweli wataalamu wanaichunguza. Mama akafurahi sana, maana alipokuwa msichana aliwahi kuchuma chai Njombe, anaijua kama anavyoijua pindo. Ananiambiaga, "Jani ni lilelile mwanangu, la chai ya rangi wanaliacha liive hewani mpaka liwe jeusi, hili wanaliwahi na moto likiwa bado na ukijani wake." Na usifikiri aliinywa kienyeji. Alimuuliza daktari kwanza, tena mie nipo, daktari akamwambia kikombe kimoja au viwili kwa siku havina neno, ila vile vidonge vya chai iliyokamuliwa asiviguse bila kumwambia. Akashika hivyo hivyo. Hakuruka dripu hata moja. Na sasa anameza kidonge chake cha hospitali kila asubuhi, ndipo anaweka birika jikoni.

Alipopata nafuu alijishonea ziwa la kitambaa, akalijaza mtama, akawa analipima mkononi anapunguza anaongeza mpaka lilingane na mwenzake. Nikamuuliza kwa nini asiweke pamba. "Pamba nyepesi, sidiria itapanda upande mmoja, mteja ataona fundi mwenyewe hajui vipimo." Akavaa gauni lake, akajifunga kilemba, akarudi Tabata amenyooka, na hakuna aliyejua. Mie namtazamaga najiuliza mwanamke huyu ameumbwa na nini.

Sasa tatizo. Wale wanawake wa Tabata walimwona amerudi amekonda kidogo kisha akanenepa, ngozi inang'aa, na kila saa ana chupa yake ya chai. Wakamsumbua maswali. Siku moja kwa kuchoshwa akasema, "Nilikuwa na kauvimbe kidogo, nashukuru Mungu, na hii chai nayo imenisaidia." Hakusema uongo hata neno moja. Ila lililobaki hakulisema, na mtaa ukajaza wenyewe. Ikawa Fundi Yuliana alikuwa na uvimbe, akanywa chai ya kijani Songea, uvimbe ukayeyuka.

Jumamosi moja nilikwenda kumsalimia, mdogo nimemweka chini anachezea vipande vya vitambaa. Wanawake wamekuja kupimwa sare, yumo Avelina wa genge, na yumo Mwajabu, anakaanga samaki pale kona, kwao Kimbiji, ana watoto watatu na anamwita mama mkwe wangu mama kabisa.

Avelina akaanza, "Mama Wilfred, tangu utoke Songea umekuwa msichana, tutakutafutia mchumba sasa."

Mama akasema, "Mtafutie mumeo kazi kwanza."

Watu wakacheka. Zamu ya Mwajabu ikafika, akanyanyua mikono, mama akamzungushia futi kifuani, na nikaona mkono wa mama umesimama. Akarudisha kidole taratibu pale pale, chini ya kwapa.

"Mwajabu, hiki nini?"

"Aa, hicho kipo tangu nilipomwachisha mwanangu ziwa. Hakiumi."

"Umekwenda hospitali?"

"Nikafanye nini? Shangazi yangu Kimbiji walimkata, hakumaliza mwaka. Mie nataka dawa yako wewe mama. Nipe hayo majani."

Wote wakawa wanamtazama mama. Nilimwona anafungua mdomo, halafu akaufunga, akaenda kwenye kabati akatoa pakiti ya chai akampa, akasema, "Kunywa, lakini na hospitali uende." Ila lile la hospitali alilisema chini chini huku anatafuta chaki. Mwajabu aliibusu pakiti. Sijawahi kumwona mama mkwe wangu akikata kitambaa vibaya, siku hiyo alikata.

Hivi ninavyoandika Mwajabu anakunywa chai hiyo kwa bakuli, asubuhi mpaka jioni, na juu yake amenunua kopo la vidonge vya chai ya kijani kwa dada mmoja anayeviuza kwenye simu, anatapika, anasema ni sumu inatoka. Uvimbe upo. Anasema umelainika. Mie nimeugusa, haujalainika.

Nilijaribu kumwambia mama. Nilipiga magoti nikasema mama, Mwajabu hajui kama wewe ulikatwa. Akasimamisha cherehani. "Marietha, mwili wangu ulipewa wewe kuutunza, hukupewa kuutembeza mtaani." Tangu siku hiyo simu zake anazungumza na Wilfred tu.

Kwa hiyo nimebanwa, Bi Nusaiba. Nikisema nitakuwa nimemvua nguo mwanamke aliyeniamini kama binti yake wa kumzaa, nikikaa kimya Mwajabu anaweza kufa huku anamshukuru. Naomba uniambie, je hii chai inatibu au haitibu, maana na mie sitaki kuikashifu, nimeona jinsi ilivyompa mama moyo wakati hata maji hayapiti kooni. Na je, nimwendee Mwajabu nimwambie, au nimrudie mama, na nikimrudia nianze na neno gani?

Wako mwenye mawazo,
Marietha, Bunju


BI NUSAIBA ANAJIBU

Marietha mwanangu, radhi umepata, ila kuchelewa kuwe kumekwisha leo.

Nianze na chai. Nimempigia simu daktari wa saratani kabla ya kushika kalamu, nisije nikakujibu kwa kubahatisha. Jani lile linastahili heshima mnayolipa. Lina vitu vya asili vinavyoitwa katekini, na wataalamu wakiviweka maabara pamoja na seli za saratani ya ziwa wanaona seli zile zinapunguza kasi ya kukua. Hiyo ni habari njema na kazi inaendelea. Lakini maabara si kifua cha mtu. Kwa binadamu, tafiti nyingine zimeona nafuu kidogo kwa wanywaji wa chai, nyingine hazikuona kitu, na hakuna hata moja iliyothibitisha kwamba chai ya kijani inazuia saratani ya ziwa wala kwamba inaiondoa ikishaingia. Kikombe kimoja au viwili ni kinywaji kizuri cha kumsindikiza mgonjwa kwenye matibabu. Hakiwezi kushika nafasi ya matibabu.

Vidonge ni jambo jingine. Kidonge kimoja kinaweza kubeba kilichomo kwenye vikombe vingi, na wapo watu walioumia ini kwa sababu yake. Kwa anayemeza dawa za hospitali, vinaweza pia kuingiliana nazo. Mwajabu anatapika, halafu anafurahi? Mwambie aviache leo hii, kopo asilitupe, aende nalo hospitali daktari alione, na aseme wazi kwamba anatapika. Akiona macho yamegeuka manjano au mkojo umekolea rangi, asingoje foleni ya kesho.

Sasa nikugombeze kidogo. Umejijengea nyumba yenye milango miwili tu, kumwaga siri au kukaa kimya. Nani kakwambia? Siri ya mwili ni ya mwenye mwili, na hapo mama mkwe wako ana haki yake kamili, usiiguse. Lakini "Mwajabu, huo uvimbe haujalainika, kesho nakupeleka hospitali" ni siri ya nani? Umeugusa kwa mkono wako mwenyewe! Maneno hayo ulitakiwa uyaseme siku uliyougusa, na hayakuhitaji ruhusa ya mtu yeyote. Mwambie pia kwamba uvimbe mwingi wa ziwa si saratani, ila hakuna jicho wala kidole kinachoweza kujua bila vipimo. Aanzie kituo cha afya cha karibu, aseme ana uvimbe kwenye ziwa usioondoka, watampa rufaa ya picha ya ziwa na kuchukuliwa kinyama cha kupima. Shangazi yake wa Kimbiji simjui, Mungu amrehemu, ila nakuhakikishia wengi tunaowazika waliogopa kisu wakachelewa, na kilichowaua ni kule kuchelewa.

Kuhusu mama mkwe wako, mie pia nimempenda, na simwoni kama mkosaji. Mwanamke huyu alibeba ugonjwa mzito asimlemee mtu, akamuuliza daktari hata habari ya chai, jambo ambalo wasomi wengi hawalifanyi, akarudi kwenye cherehani yake kichwa juu. Aliponyamaza alikuwa anaficha kovu lake tu. Hakujua kama ukimya ule ungeweza kuwa dawa ya uongo mdomoni mwa mwingine. Nadhani sasa anajua, na ndiyo maana alikata kitambaa vibaya, na ndiyo maana hakupigii simu. Hakukukasirikia wewe.

Mrudie. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe, na usimtume Wilfred aliyeangalia ukutani. Au utaniambia adabu inakuzuia kusema naye? Mwanangu, umeosha kidonda cha mama mkwe wako huku mnacheka wote wawili. Adabu ile ya kufumba macho mliivuka pamoja siku hiyo, yeye ndiye aliyekuita uivuke. Usimwambie aungame mbele ya mtaa. Mwambie hivi: "Mama, Mwajabu hamwamini daktari, anakuamini wewe. Mie nimemwambia aende hospitali na naweza kumsindikiza, lakini neno lako moja lina uzito kuliko maneno yangu kumi. Ni lipi utamwambia, na lipi utabaki nalo, ni lako." Kisha nyamaza. Usimjazie. Mpe muda wa kumaliza pindo alilolishika.

Akikataa, bado Mwajabu anakwenda hospitali, na wewe ndiye unayempeleka. Hilo halina mjadala.

Na jibu hili nakutumia kwanza wewe kwenye simu. Halitachapwa mpaka mama mkwe wako alisome na aseme ndiyo. Akisema hapana, limeishia hapo. Weka mtoto mgongoni, nenda Tabata.

Bi Nusaiba


NYONGEZA

Wasomaji wangu, ujumbe umefika, na haukutoka kwa Marietha. Nauweka kama ulivyoandikwa.

"Bi Nusaiba, salamu. Mimi ndiye Yuliana. Mkamwana wangu alikuja na watoto wote wawili, akapiga magoti akaamkia shikamoo, halafu yale maneno uliyomfundisha yakamshinda, akalia, akanipa simu nisome mwenyewe. Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia inuka unaniloweshea kitambaa cha watu. Baadaye nilimwita Mwajabu, nikafunga mlango wa kibanda, nikafungua blauzi. Aliangalia kovu muda mrefu. Akaniuliza, 'Mama, na ulikuwa unaogopa nini, tukucheke?' Nikamwambia ndiyo, wewe na Avelina mnavyojua kucheka, ningeanzia wapi. Akaangua kilio akanipiga ngumi ya bega, kisha akaniuliza hospitali wanafungua saa ngapi.

Tulikwenda mimi na yeye, Marietha akabaki kumkaangia samaki wake pale kona, akaunguza nusu. Wamechukua kinyama, majibu bado, na mimi sitatamka ni nini kabla ya wenyewe kusema. Vidonge daktari amevizuia. Chai tunakunywa, kikombe changu na kikombe chake, tunamwambia kila anayeuliza kwamba hii ni chai.

Barua ichapeni. Wengine badilisheni majina kama mlivyozoea, langu liacheni, ndilo wateja wananijua nalo. Ila mie nakaa na wanawake wamenyanyua mikono siku nzima na sina cha kuwaonyesha, kwa hiyo ninachohitaji mnitumie ni magazeti ya siku barua itakapotoka, yatakayotosha mezani, karatasi kubwa yenye picha za namna ya mwanamke kujikagua maziwa nibandike kando ya kioo, majina ya vituo vinavyopima yaandikwe kwa herufi nene maana wengine macho yetu hayafai tena, na nesi wa kike aje kibandani Jumamosi moja, asubuhi, kabla Avelina hajafika."